Pikipiki za umeme Karatu: Faida au hasara ipo kwenye betri

Na Mwandishi Wetu

BEI ya petroli imewafanya wamiliki wengi wa bodaboda nchini kuanza kuzitazama pikipiki za umeme kwa jicho jingine. Hesabu ya haraka inavutia: umeme wa kwenda kilomita mia moja ni nafuu mara kadhaa kuliko petroli ya umbali huo huo, hakuna kumwaga oili ya injini, hakuna plagi wala kabureta.

Hata hivyo, kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Karatu, hesabu hiyo ya haraka haitoshi. Swali la msingi si pikipiki itakwenda kilomita ngapi siku inapotoka dukani. Swali ni itakwenda kilomita ngapi baada ya miaka miwili, ikiwa na gunia la vitunguu nyuma, ikipanda kutoka bonde la Eyasi. Jibu la swali hilo lipo kwenye betri, na betri ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika chombo hicho.

Uchambuzi huu unaangalia namna betri inavyochoka, jinsi miinuko na hali ya hewa ya Karatu na Ngorongoro inavyoathiri umbali wa chaji moja, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla hajaweka saini katika mkataba.

Teknolojia si ngeni Kaskazini

Magari ya umeme si habari mpya katika ukanda huu. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua magari ya kitalii yanayotumia umeme kwa ajili ya hifadhi za Kaskazini, na jua likiwa sehemu ya chanzo chake cha nishati.

Ukitafakari, kazi ya utalii inaifaa mota ya umeme kuliko watu wanavyodhani. Gari linaloshuka Kreta ya Ngorongoro linakwenda polepole, linasimama mara nyingi, na injini ya dizeli inayonguruma huku wageni wakimtazama simba inateketeza mafuta bure. Mota ya umeme ikisimama haitumii kitu. Kikwazo ni kupanda. Ukuta wa Kreta una kimo cha takriban mita 600, na gari la tani tatu linahitaji karibu uniti tano za umeme kwa ajili ya kupanda kimo hicho peke yake, kabla ya kuhesabu upotevu wa njiani.

Nje ya mipaka yetu mambo yamekwenda kasi zaidi. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme Kigali mwaka 2019. Kampala ilikuwa na Zembo tangu mwaka 2018, na Nairobi ina kampuni kadhaa, ikiwamo Roam inayounganisha pikipiki zake huko huko. Serikali ya Rwanda imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria hazisajiliwi tena mjini Kigali.

Mfano unaomgusa mkulima moja kwa moja upo Zimbabwe. Katika wilaya ya Wedza, mradi wa Mobility for Africa ulianza mwaka 2019 kuwakodisha wanawake wa vijijini pikipiki za umeme za magurudumu matatu zinazoitwa Hamba, ambazo betri zake huchajiwa kwa umeme wa jua. Zinabeba mboga, maziwa, maji na hata wagonjwa. Kwa hiyo, hoja kwamba umeme ni wa mjini tu haina nguvu. Tofauti ipo katika nani anayemiliki betri na nani anayeitunza, na hapo ndipo tutakaporudi.

Hesabu ya senti kwa kilomita

Tuchukue mfano wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani kilomita 30,000. Msomaji anaweza kubadilisha tarakimu hizi kwa kuweka bei za mwezi wake.

Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 45 kwa lita, petroli ikiwa Sh3,000, inatumia Sh67 kwa kila kilomita. Pikipiki ya umeme katika barabara za milima inatumia kama uniti nne kwa kilomita 100. Chaja nayo hupoteza kiasi, hivyo mita ya Luku itasoma uniti nne na nusu. Kwa bei ya Sh292 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo inafika takriban Sh356, gharama ni Sh16 kwa kilomita. Tofauti ni Sh51 kwa kilomita. Kwa mwaka ni zaidi ya Sh1.5 milioni.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanapoishia. Lakini betri inaliwa kila siku kama tairi, ila haionekani kwa macho. Tuseme betri ya uniti 2.9 inauzwa Sh1.5 milioni, na kila mzunguko wa chaji unampa mwendeshaji kilomita 60 huku akibakiza akiba kidogo.

Betri hiyo ikifa baada ya mizunguko 500, itakuwa imekwenda kilomita 30,000. Gharama yake ni Sh50 kwa kilomita. Faida yote ya Sh51 imekwenda, imebaki shilingi moja. Ikidumu mizunguko 1,000, gharama inashuka hadi Sh25 na mwenye pikipiki anabakiwa na Sh26 kwa kilomita, sawa na Sh780,000 kwa mwaka. Ikifika mizunguko 1,500, anabakiwa na Sh34 kwa kilomita, zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka.

Ni dhahiri basi kuwa bei ya umeme wala bei ya petroli si ndiyo inayoamua peke yake. Kinachoamua ni betri itadumu kiasi gani. Watu wawili wanaweza kununua pikipiki za aina moja siku moja katika duka moja, mmoja akajenga nyumba na mwingine akarudi kulima kibarua, na tofauti yao ikawa namna walivyochaji.

Lipo jambo jingine la kuangalia katika Luku. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi. Pikipiki ya kilomita 100 kwa siku inakula zaidi ya uniti 110 kwa mwezi yenyewe tu. Maana yake ni kwamba anayechajia nyumbani atatolewa katika kundi hilo, na taa na redio yake navyo vitalipiwa kwa bei ya juu. Hilo liingizwe kwenye hesabu mapema.

Betri inachokaje?

Betri nyingi za pikipiki za umeme ni za lithiamu. Ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozifanikisha.

Betri ya pikipiki si kitu kimoja. Ndani yake kuna seli nyingi ndogo zilizofungwa pamoja, na kifaa cha kielektroniki kinachozisimamia. Wakulima wa Karatu wanaolima kwa jembe la kukokotwa wataelewa haraka: ng'ombe wawili wakifungwa nira moja, mwendo wa jembe ni mwendo wa yule aliye dhaifu. Seli moja ikichoka, kifaa cha kusimamia hukata umeme hata kama seli nyingine bado zina nguvu. Ndiyo maana pikipiki inaweza kuonyesha asilimia 25 kisha ikazima ghafla mlimani.

Uchovu huo una njia mbili. Ya kwanza ni kazi: kila uniti inayoingia na kutoka inaacha kovu dogo ndani ya seli. Ya pili ni umri: betri inazeeka hata ikiwa imekaa stoo, na inazeeka haraka zaidi ikiwa imejaa kabisa mahali penye joto. Kanuni ya jumla katika kemia ni kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi kumi, kasi ya mabadiliko mengi inakaribia kuwa mara mbili.

Hapa kuna desturi moja ambayo inawaponza wengi. Watu wamezoea betri za maji, zile za risasi na tindikali zinazotumika kwenye magari na sola. Betri hizo zinataka kujazwa kila wakati, na zikiachwa tupu zinaota chumvi na kufa. Lithiamu ina tabia tofauti. Haipendi kuachwa tupu, lakini pia haipendi kukaa imejaa asilimia 100 kwa siku nyingi. Inapumzika vizuri ikiwa kati ya asilimia 40 na 60, na inafanya kazi kwa muda mrefu zaidi ikizungushwa kati ya asilimia 20 na 80 au 90.

Aina za lithiamu nazo si sawa. Zipo zinazotumia chuma na fosfati: ni nzito kidogo, lakini kwa kawaida zinavumilia mizunguko 2,000 au zaidi na haziwaki moto kirahisi. Zipo zinazotumia nikeli, manganizi na kobalti: ni nyepesi na zinakwenda mbali kwa uzito ule ule, lakini nyingi huhesabiwa mizunguko kati ya 500 na 1,000 na kidogo. Betri za maji zinazofungwa kwenye bajaji za bei rahisi zikitumika hadi kukaribia kuisha kila siku, mara nyingi hazivuki mizunguko 300 hadi 500. Mnunuzi asiyeuliza aina ya betri ni sawa na anayenunua mbegu bila kuuliza kama ni ya muda mfupi au mrefu.

Mlima, mzigo na hali ya hewa

Wilaya ya Karatu na maeneo ya jirani yana sura nyingi katika eneo dogo. Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, upo chini ya mita 1,000 au karibu na hapo kutoka usawa wa bahari. Mji wa Karatu upo kama mita 1,500. Kingo za Kreta ya Ngorongoro zinapita mita 2,200. Upande wa kusini-magharibi, ardhi inashuka tena hadi bonde la Ziwa Eyasi na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, kwenye mita elfu moja na kidogo.

Tuchukue safari ya mchuuzi wa vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu, takriban kilomita 50 za barabara ngumu. Pikipiki, mwendeshaji na gunia la kilo 100 ni jumla ya kilo 280 hivi. Kwa barabara ya vumbi na mawe, chombo kitatumia kama uniti 4.5 kwa kilomita 100, yaani uniti 2.25 kwa safari hiyo. Kupanda mita 450 kunaongeza uniti 0.4. Jumla ni uniti 2.65.

Betri mpya ya uniti 2.9 itamfikisha Karatu ikiwa imebaki na robo uniti. Atafurahi na kuwaambia wenzake kwamba chombo kinaweza. Lakini betri hiyo ikishuka hadi asilimia 90 ya uwezo wake, itabaki na uniti 2.6 na safari itakuwa ya kubahatisha. Ikifika asilimia 80, kiwango ambacho watengenezaji wengi bado wanakihesabu kuwa ni uzima, itakuwa na uniti 2.3. Mchuuzi yule yule, gunia lile lile, atakwama kilomita kama sita kabla ya kufika mjini, tena pikipiki ikiwa na mzigo wa kusukuma.

Na hapo hatujazungumzia lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo mkulima amelilalamikia kwa miaka mingi kwa sababu linampunja kwenye vipimo, linaipunja betri pia.

Funzo lake ni rahisi. Anayenunua pikipiki kwa ajili ya njia maalumu asipime umbali kwa betri mpya. Apige hesabu kwa asilimia 70 ya uwezo uliotajwa, kwa sababu betri haitabaki mpya katika maisha yote ya chombo. Kama njia yake inahitaji zaidi ya hapo, atafute betri kubwa, betri ya pili, au mahali pa kuchaji upande wa pili.

Wanaojua zaidi jambo hili duniani ni watumiaji wa vyombo vya umeme vya gurudumu moja, ambavyo vimeenea Ulaya na Marekani. Chombo hicho kinasimama kwa nguvu ya mota peke yake, hivyo betri ikishindwa kutoa umeme wa kutosha, mwendeshaji anaanguka kifudifudi. Kwa sababu hiyo wamejifunza kwamba betri iliyochoka haipungukiwi umbali tu, inapungukiwa nguvu. Ikibaki chini ya robo, inaweza kwenda tambarare bila shida lakini ikashindwa kupanda. Wengi wao hupunguza mwendo mapema na hawapandi mlima mkali wakiwa na chaji ndogo. Bodaboda wa Rhotia au Oldeani hataanguka kwa namna hiyo, lakini kanuni ni ile ile: mlima upandwe betri ikiwa na akiba.

Kushuka nako kuna siri yake. Pikipiki nyingi za umeme hurudisha umeme kidogo kwenye betri zinapofunga breki kwa mota. Ukianza mteremko betri ikiwa imejaa asilimia 100, umeme huo hauna pa kwenda. Vyombo vingine hukata breki ya mota papo hapo, na mwendeshaji akabaki na breki za kawaida peke yake katika mteremko mrefu. Kwa anayeishi juu, kwa mfano karibu na lango la Lodoare, na kuanza siku kwa kuteremka, ni busara kuchaji hadi asilimia 85 au 90 tu. Analinda betri, analinda breki, na bonde linamwongezea chaji kidogo bure.

Hali ya hewa ni jambo la mwisho katika fungu hili. Baridi ya Juni na Julai huko Karatu na kwenye kingo za Kreta hupunguza umbali, lakini hasara hiyo ni ya muda. Jua likipanda, umbali unarudi. Kinachodhuru ni kuchaji kwa nguvu betri iliyo baridi sana, kwani lithiamu huganda juu ya seli badala ya kuingia ndani. Betri ilale ndani ya nyumba, ichajiwe ikiwa na joto la kawaida. Joto la Eyasi ni kinyume chake: siku hiyo pikipiki inakwenda vizuri, lakini uharibifu unaofanyika haurudi. Baada ya kupanda na mzigo, betri iachwe kivulini nusu saa hadi saa moja kabla ya kuunganishwa na chaja.

Nani anabeba hasara ya betri?

Katika miji mingi nchini, bodaboda huendeshwa kwa mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anarudisha hesabu kila siku, na baada ya mwaka au zaidi chombo kinakuwa chake. Kwa pikipiki ya petroli utaratibu huu umeeleweka. Injini ikichoka, fundi wa mtaani ataifungua, atabadilisha ringi na pistoni, na maisha yanaendelea.

Pikipiki ya umeme inabadilisha mizani hiyo. Ikiwa mkataba ni wa miezi 14 na betri inachoka mwezi wa 15, kijana atakuwa amelipia chombo kizima na kukabidhiwa fremu yenye mota. Betri mpya ya Sh1.5 milioni itakuwa juu yake. Tajiri atakuwa amerudisha fedha zake na faida. Kwa upande mwingine, kijana anayejua kwamba chombo si chake bado, hana sababu ya kuitunza betri. Ataijaza hadi juu, ataimaliza hadi chini, kwa sababu anachotafuta ni hesabu ya leo.

Hivyo mikataba ya zamani haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo. Mkataba wa pikipiki ya umeme unapaswa kutaja uwezo wa betri siku ya kuanza, kiwango cha chini kinachokubalika siku ya kukabidhi, na nani atalipa pengo. Njia moja ni kuweka kando fungu dogo kila siku kwa ajili ya betri. Kwa hesabu yetu ya Sh25 kwa kilomita, ni Sh2,500 kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba, na vikundi vya vikoba vinaweza kutunza akiba hiyo.

Kigali wamelitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Mwendeshaji ananunua pikipiki bila betri. Anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa na kulipia umeme alioutumia. Betri ni mali ya kampuni, na uchovu wake ni hasara ya kampuni. Mji ule upo kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Karatu na una vilima vya kutosha, kwa hiyo si milima inayozuia mfumo huo kufika kwetu. Kinachohitajika ni wingi wa pikipiki katika eneo dogo, ili kituo kijilipe. Mji wa Karatu, ulio njiani kwa magari mengi ya Ngorongoro na Serengeti, unaweza kufikiriwa. Mang'ola, Endabash na Mbulumbulu zitachelewa, na huko mkulima atabaki na betri yake mwenyewe.

Umeme wenyewe

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Hata hivyo, umeme huo unazalishwa mbali na Kaskazini, na Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, kwa hoja kwamba umeme mwingi unapotea njiani.

Kwa mwenye pikipiki, umeme unaokatika si hatari kubwa kwa betri yenyewe. Chaji inaendelea ulipoishia. Hatari ni umeme unaoshuka na kupanda, ambao huua chaja. Kifaa cha kulinda umeme cha bei ya wastani ni nafuu kuliko chaja mpya inayoagizwa kutoka Arusha au Dar es Salaam.

Jua ni njia nyingine, lakini lina kasoro ya saa. Jua linawaka mchana, wakati pikipiki ipo kazini. Linamfaa zaidi mwenye betri mbili, au mkulima anayekwenda sokoni siku mbili kwa wiki na kukaa shambani siku nyingine.

Kabla ya kununua na baada ya kununua

Muuzaji aulizwe mambo haya, na majibu yaandikwe: betri ni ya aina gani, ina uwezo wa uniti ngapi, si kilomita ngapi, dhamana ni ya miaka au mizunguko mingapi, na inasema uwezo usishuke chini ya asilimia ngapi, kama betri inauzwa peke yake na kwa bei gani, na fundi aliye karibu yupo wapi. Muuzaji anayetaja kilomita tu anataja umbali wa barabara tambarare, mtu mmoja mwepesi na mwendo wa taratibu.

Anayenunua pikipiki iliyotumika asidanganywe na rangi wala tairi mpya. Ajaze betri, apande mlima anaoujua akiwa amebeba abiria, kisha atazame asilimia zilizoshuka. Betri inayoporomoka kwa kasi mlimani na kujirudisha juu ikipumzika ina seli zilizochoka.

Baada ya kununua, daftari ni bora kuliko kumbukumbu. Mara moja kwa mwezi, mwenye chombo apite njia ile ile, kwa mzigo unaofanana, na kuandika asilimia iliyotumika. Kama Januari safari ya kwenda Rhotia na kurudi ilikula asilimia 30 na Desemba inakula 36, anajua amepoteza karibu moja ya sita ya uwezo. Huo ni ushahidi wa kudai dhamana, na ni onyo la kuanza kuweka akiba. Aanze kwanza na upepo wa tairi, kwani tairi laini hula umeme na kumfanya mtu ailaumu betri bila kosa.

Utunzaji wa kila siku si mgumu. Tumia chaja iliyokuja na chombo. Usilaze betri imejaa siku tatu kama huna safari. Ikiwa unaiweka stoo msimu mzima, iache kwenye nusu na uikague kila mwezi. Usiioshe kwa maji ya presha. Usiichaji usiku kucha kwenye ghala lenye mabua, magunia au dumu la petroli. Na betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu isiguswe na bisibisi. Moto wa lithiamu ni mgumu kuuzima.

Betri ikifika asilimia 70 haijafa. Ya uniti 2.9 itakuwa bado na uniti mbili, zinazotosha taa, simu na televisheni ya nyumba kwa jioni kadhaa ikiunganishwa na paneli ya jua. Lakini kazi hiyo inahitaji fundi aliyefundishwa. Hapo ndipo Veta na Sido zina nafasi, na ndipo Shirika la Viwango linapotakiwa kuwahi, kabla betri zilizochoka ughaibuni hazijaletwa na kuuzwa kwetu kama mpya. Tumeliona hilo kwenye paneli za jua na simu.

Mwelekeo wa dunia unajulikana. Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, Rwanda imefunga mlango kwa bodaboda mpya za petroli Kigali, na kwa ujumla betri zimekuwa zikishuka bei. Pikipiki za umeme zitafika Karatu kwa wingi. Mkulima wa Mang'ola au mchuuzi wa mboga anayepeleka bidhaa kwenye hoteli za Ngorongoro hana sababu ya kuzikimbia, na hana sababu ya kuzipokea kwa pupa. Aanze na njia yake mwenyewe: ipimwe urefu, mlima na uzito wa mzigo, kisha ipigiwe hesabu kwa betri ya asilimia 70. Kama safari bado inafika na senti bado zinabaki, anunue.